Mwalimu Aliyemkalisha Mjane

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima ni dogo, na kila nikijaribu kumweleza mtu linaonekana la kipuuzi: kwa nini nilisimama?

Nilikuwa nimeketi na mama yangu kwenye ukumbi wa wafanyakazi, katika shamba la chai upande wa Kericho ambako nilikulia. Tulikuwa tunaangalia mchezo wa kuigiza. Jukwaani king'ora kikalia, nami nikajikuta nimesimama. Hakuna aliyeniamuru. Nilijua ni mchezo. Niliwahi kuucheza mwenyewe nikiwa kidato cha tatu. Nilipoangalia pembeni nikaona Mama amesimama pia, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu sikujua kama nilisimama kwa kumfuata yeye au kwa kufuata king'ora. Mtu mwingine angecheka akaenda zake kulala. Mimi nilikuwa nimeitwa kazini na kampuni, na ilinibidi niamue kama nitaichukua kazi hiyo au nitaiacha, na niliona kwamba kama siwezi kujua nani alinisimamisha pale ukumbini, sitajua pia ni nani atakayekuwa ameniamulia mambo ya kazi.

Aliyekuwa nyuma ya pazia akizungusha king'ora kile ni Mwalimu. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia. Kambi yote ilimwita Mwalimu. Hata walimu wenzake shuleni walimwita Mwalimu, kana kwamba wao walikuwa wameajiriwa kufanya kitu kingine.

Alivaa koti la sufu, tai, na gambuti. Gambuti zilikuwa za matope ya njia kati ya shule na kambi, lakini alizivaa hata kiangazi. Mwavuli wake sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ya Kericho, ile ya kila alasiri, ilimnyeshea akiwa ameushika mkononi umefungwa vizuri, kwa sababu kazi ya mwavuli ule ilikuwa kutuelekeza. Akikunyooshea, ulijua zamu yako ya kusema imefika. Akiugonga sakafuni, ulijua umeharibu.

Tulifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kambi, maana shule haikuwa na ukumbi. Paa lilikuwa la mabati, na mvua ikianza hakuna aliyeweza kumsikia jirani yake. Walimu wengine wangetuachia twende nyumbani. Yeye aliisubiri mvua. Ilipoanza kupiga mabati ndipo alipopanda jukwaani akasema, "Haya, sasa tunaanza." Aliweka mtoto mmoja mlangoni kabisa, na baada ya kila mstari akauliza kwa sauti iliyopita juu ya mvua yote, "Mtu wa mlangoni amesikia?" Kama mtu wa mlangoni alitikisa kichwa kukataa, tulirudia. Tulirudia mpaka koo likawasha.

"Kemunto," aliniambia siku moja, "wewe unaongea kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Hapa umefiwa na mume. Unaomba ruhusa ya nini?"

"Sijawahi kufiwa na mume, Mwalimu."

"Na mimi sijawahi kuwa mfalme, lakini nikiambiwa nicheze mfalme, mtaniletea kodi."

Akatoka nje kwenye mvua, akachuma jani bichi la chai kando ya ukumbi, akanipa nitafune. Kama hujawahi kutafuna jani bichi la chai, ni chungu, halafu linakausha mdomo mpaka uso mzima unajikunja wenyewe. "Huo uso," akasema. "Usiupoteze. Sasa sema maneno yako." Kila mjane aliyewahi kucheza mchezo ule alitafunishwa jani. Nilipofika chuo kikuu nikakuta watu wanaandika kurasa nyingi kuhusu mbinu za uigizaji. Sikuona mahali palipotajwa jani.

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye riwaya ya zamani, ya kutafsiriwa, iliyosomwa mashuleni kabla sijazaliwa. Nakala yake haikuwa na jalada. Alitusimulia yote kabla hatujaigiza neno moja, tukiwa tumekaa sakafuni. Ni habari ya nchi ambayo kila kitu kinafuata king'ora. King'ora kikilia watu wanaamka, kikilia wanakula, kikilia wanalala. Mtu akifa, king'ora kinalia ili waliofiwa waanze kulia, na baada ya muda kinalia tena ili wanyamaze. Mjane mmoja anafiwa, analia, king'ora cha kunyamaza kinalia, na yeye hanyamazi. Basi. Hiyo ndiyo hatia yake yote.

Tulitegemea apigwe. Hapigwi. Anapelekwa kwenye chumba safi, anapewa kiti kizuri na chakula cha moto, na watu wapole wanaingia kila siku kumwuliza kama amelala vizuri. King'ora kinapolia wote wanasimama, wanamgeukia, wanamwomba kwa adabu naye asimame. Yeye anakaa. Kesho hivyo hivyo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, king'ora kinalia na mjane anasimama, halafu anawaomba wale watu radhi kwa kuwachelewesha.

Mtoto mmoja akauliza, "Halafu?"

"Hakuna halafu. Kitabu kimekwisha."

Lakini jukwaani Mwalimu aliubadilisha mwisho huo. Katika mchezo wake, king'ora kinalia mara ya mwisho, wote wanasimama, na mjane anabaki kitini. Taa zinazimwa akiwa amekaa. Mwaka wetu tulimbishia, kwa sababu mwisho wa kitabu alitusimulia mwenyewe, na wengine tulikuwa tumekisoma kwa siri ili tuonekane tunajua.

"Lakini Mwalimu, kitabu kinasema alisimama."

"Kitabu kiliandikwa na mtu aliyechoka," akajibu. "Mimi bado sijachoka."

Tulilipenda sana jibu lile. Chebet, rafiki yangu wa darasani, aliliandika nyuma ya daftari lake la hesabu. Nilibeba jibu lile chuoni, nikalitumia kwenye mabishano, nikajiona mtu wa msimamo. Sasa ndipo najiuliza kama lilikuwa jibu kweli.

Kwa sababu Mwalimu huyo huyo, aliyemkalisha mjane mbele ya serikali nzima ya kitabuni, hakuna mtu aliyewahi kusimama haraka kama yeye. Afisa yeyote akipita, alisimama. Gari la kampuni likipita barabarani, alisimama kando, akavua kofia, hata kama ndani yake alikuwemo dereva peke yake akienda kununua mafuta. Wenzangu walimwigiza. Mmoja alikuwa anaita tu kutoka nyuma ya ua, "Mkubwa anakuja!" na Mwalimu aliruka kutoka kitini kabla hajageuza shingo. Alikuwa pia mtunzi wa mashairi ya kuwasifu wageni wa heshima, ingawa ukweli ni kwamba shairi lilikuwa moja. Alibadilisha cheo tu. Tulilikariri kwa meneja, kwa chifu, kwa mkaguzi wa shule, na mara moja kwa daktari wa mifugo aliyekuwa ameingia ukumbini kukwepa mvua.

Ninakumbuka siku tulipouonyesha mchezo mbele ya wazazi, mimi nikiwa mjane. Huku kwetu mgeni wa heshima hachelewi. Ni sherehe iliyowahi. Akifika katikati ya mchezo, mchezo unasimama, watu wanasimama, anaketishwa mbele, anapewa soda, na mchezo unaanza tena kutoka mwanzo hata kama ulikuwa umefika mwisho. Siku ile mgeni alikuwa mkubwa fulani kutoka Bomet, na alifika mwisho kabisa. King'ora kilikuwa kimelia, wenzangu wote jukwaani walikuwa wamesimama, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, jani la chai bado linaniuma ulimini, nikiwa mtu pekee katika nchi nzima aliyekataa. Mlango ukafunguka. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Tusimame wote kwa heshima ya mgeni wetu!"

Nilibaki nimekaa. Nilidhani ndiyo maana ya mchezo. Nikasikia sauti ya Mwalimu kutoka nyuma ya pazia, ndogo, ya kuomba, sauti ambayo mtu wa mlangoni asingeisikia kamwe: "Simama, Kemunto. Tafadhali, mtoto wangu. Simama, mgeni ameingia."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Tukaanza upya, tukafika mwisho, na safari hiyo nikakaa mpaka taa zikazimwa. Baadaye Mwalimu alininunulia andazi. Alilimega lile andazi akala nusu yake mwenyewe, bila kujua, huku akiangalia barabara gari la mgeni lilikoelekea.

Simsemi kwa ubaya. Nimefikiri sana kuhusu siku ile, na ninajua kuna wasichana waliopata kukaa shuleni kwa sababu yeye alijua kuinama. Jioni nyingi alikuja kambini na gambuti zake, akasimama kwenye mlango wa nyapara, kofia mkononi, akimbembeleza ili wasichana waruhusiwe mazoezi badala ya kwenda kuwasaidia mama zao kuchuna. Nyapara alimfanya angoje nje. Alingoja. Mama alikuwa anamwona kutoka dirishani kwetu na kusema, "Mwalimu wenu hana haya." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaja kifaa ambacho yeye mwenyewe hana.

Mama alikuja kambini kutoka Kisii akiwa msichana, na alichuna chai mpaka vidole vyake vikawa na rangi isiyotoka kwa sabuni. Kambini kulikuwa na king'ora cha kuzungusha kwa mkono, kimefungwa kwenye mlingoti karibu na ofisi ya nyapara. Kililia alfajiri watu watoke, kililia wakati wa kupeleka majani kwenye mizani, kililia jioni. Nilipokuwa mdogo nilifikiri kila mahali duniani kuna king'ora, kama vile kila mahali kuna jua.

Halafu mashine za kuchuna zikaja. Zilianza kidogo, kwenye mashamba ya mbali, na watu walisema haziwezi, zitachuna hata nyoka. Ziliweza. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni Mama aliambiwa apumzike kwanza, na ile kwanza haijaisha mpaka leo. Nyumba nyingi za kambi zikabaki wazi. Waliobaki walikuwa wachache mno kuamshwa na king'ora, wakawa wanapigiwa simu. King'ora kikafunguliwa mlingotini, kikatupwa nyuma ya karakana.

Nikamaliza chuo. Nikarudi. Niliomba kazi Bomet, niliomba Mulot, niliomba Nairobi, niliomba mahali ambapo hata sikujua wanafanya nini. Kisha kampuni ikatangaza inataka vijana wenye digrii wa kusimamia mashine. Niliomba kwa kuwa nilishazoea kuomba. Wakaniita. Niliambiwa nifike ofisini Jumatatu fulani, nithibitishe, nianze.

"Mashine ilinitoa mimi," Mama alisema nilipomwambia. Alikuwa anamenya ndizi. "Sasa kama ina kiti, si ukae wewe? Unataka akae nani?"

"Lakini Mama, nitakuwa naandika nani apunguzwe."

"Usipoandika wewe, kalamu itakauka?"

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Wakati huo huo ndipo tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Ukumbi utageuzwa kuwa ghala la mashine. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, yuko kwao Ndanai, lakini habari zikamfikia, akaja. Alikuwa amekonda. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya wanafunzi wake wa zamani: mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza simu, Chebet ana digrii ya ualimu na hana shule. Alitaka mchezo uchezwe mara ya mwisho kabla ukumbi haujafungwa. Akaenda pia nyuma ya karakana, akaokota king'ora, akakipeleka kwa fundi wa baiskeli, akakipaka grisi yeye mwenyewe.

Aliniomba niwe mjane. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka akampa Chebet.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa, na zaidi walikuwa akina mama. Wale waliokwisha kupunguzwa walitoka walikohamia, wengine kutoka mbali, wamevaa nguo za kanisani. Walisalimiana kwa vicheko, chamgei huku, bwakire kule, wakiulizana nani amekufa. Mvua haikunyesha. Niliona Mwalimu akichungulia nje mara nyingi kabla ya kuanza, kama mtu anayemngoja mgeni wa heshima.

Mchezo ulikuwa mzuri. Nasema hivi kwa sababu baada ya yaliyotokea hakuna aliyeuzungumzia. Chebet aliitoa sauti yake ikafika mlangoni na kupita. Mama alikuwa ananinong'oneza, "Huyu anafanana na yule nyapara wetu wa kwanza, mpole hivyo hivyo," kila mara wale watu wapole walipoingia na chakula. Tukafika mwisho. Wapole wakajipanga. Chebet akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Nyuma ya pazia, Mwalimu akazungusha.

Mwaka niliocheza mjane, tulitumia filimbi ya refa. Sikuwa nimefikiria sauti yenyewe ingefanya nini. Ilianza chini kama mnyama anayelalamika, ikapanda, ikajaa ukumbi wote mpaka mabati yakatetemeka, na akina mama wakasimama.

Hawakusimama kama watu wanaoshtuka. Walisimama kama watu wanaokwenda kazini. Bibi aliyekuwa mbele yangu alipeleka mikono nyuma ya kiuno kufunga aproni ambayo hakuivaa. Mama alipapasa begani akitafuta mkanda wa kikapu. Safu baada ya safu, wakageukia mlangoni. Na mimi, ambaye sijawahi kuchuna kikapu kimoja cha mshahara maishani mwangu, nilikuwa nimesimama katikati yao nimegeukia mlangoni.

King'ora kikashuka, kikanyamaza. Jukwaani mtu mmoja tu alikuwa amekaa, Chebet, na ukumbini hakuna.

"Weh!" akasema mama mmoja nyuma. "Tunaenda wapi, jameni?"

Kicheko kikalipuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Nyapara ametuweza!" "Mizani iko wapi, mimi leo nina kilo nyingi!" Mama alinivuta gauni: "Keti, watu wanatuangalia." Lakini hakuna aliyekuwa anatuangalia. Wengine walikuwa wanacheka huku wakifuta macho, na bibi wa mbele alikuwa bado amesimama, hacheki, anaangalia mikono yake nyuma ya kiuno kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwalimu akatoka nyuma ya pazia. Kila mwaka, taa zikizimwa na kuwashwa tena, alitoka na kuuliza mara moja ya mwisho kama mtu wa mlangoni amesikia, na watu wote walijibu, "Amesikia!" Safari hii taa hazikuzimwa, aliyepewa kazi ya kuzizima alikuwa amesimama kama wengine. Mwalimu alituangalia. Alifungua mdomo. Akaufunga, akarudi nyuma ya pazia, na mwavuli wake ukabaki umelala jukwaani.

Usiku huo na siku zilizofuata ndipo nilipokosa usingizi. Ijumaa nilimwambia Mama naenda Ndanai kurudisha mwavuli. "Unaenda kuuliza ruhusa," alisema. "Sawa. Mpelekee na hizi ndizi."

Dada yake Mwalimu alinipokea, akaniingiza sebuleni. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, koti la sufu limewekwa juu ya magoti kama blanketi. Gambuti zilikuwa mlangoni, zimeoshwa. Nilimsalimia, naye akajibu, nami sikusikia. Nikadhani nimekuwa kiziwi.

"Ni koo," dada yake akasema. "Walisema hospitalini, limefika mbali. Chakula hakipiti, maziwa tu. Sauti nayo imeenda wiki hii. Alijua kabla hajaja kwenu. Nilimkataza asije kupiga kelele, si unamjua."

Ilibidi nikae karibu kabisa, sikio kwenye mdomo wake. Mtu aliyeshinda mvua ya Kericho.

"Nani alisimama wa kwanza?" aliniuliza.

"Sijui, Mwalimu. Wote."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesahihisha mtihani na kukuta jibu alilolitarajia. Dada yake akaleta chai ya maziwa kwangu peke yangu, na nikaona aibu kuinywa mbele yake. Mwalimu akaniashiria ninywe.

Nikamweleza yote, kazi, mashine, Mama, Jumatatu, na kwamba nikikataa kwa sababu yake yeye Mwalimu nitakuwa nimesimama tu kwa ajili ya mtu mwingine, na nikikubali nitakuwa nimesimama kwa king'ora, na kwamba nimezunguka hapo siku zote hizi. Nilizungumza sana. Alinisikiliza kama alivyotusikiliza zamani, jicho moja limefungwa.

"Ulisema kitabu kiliandikwa na mtu aliyechoka," nikamaliza.

Alivuta pumzi kwa muda. "Aliyekiandika alikuwa ameona," akasema. "Mimi nilikuwa sitaki kuona. Nilimkalisha yule mama kwa sababu mimi sijawahi kukaa. Hata mara moja, Kemunto. Nilisema, angalau yeye."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

Akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. "Unaniuliza mimi? Mimi nilisimama hata kwa daktari wa ng'ombe."

Nje gari lilipita barabarani. Niliona mikono yake ikishika pande za kochi, viwiko vikinyooka, mwili wote ukijiandaa. Alijiona. Akatazama mikono yake, akanitazama mimi, na akairudisha taratibu juu ya koti. Tulikaa hivyo mpaka sauti ya gari ikaisha. Nilipoondoka nilimwachia mwavuli magotini, na akanishika kidole gumba, akakibana, akaniachilia. Sikumwona tena akiwa hai.

Jumatatu Mama alinisindikiza mpaka lango la ofisi. Alikuwa amenipigia pasi blauzi. Yeye mwenyewe alijifunga kitambaa chake cha kanisani, ingawa asingeruhusiwa kuingia. "Wakikuuliza kama unaogopa matope, sema umezaliwa ndani yake," akasema, akabaki nje ya lango.

Ndani kulikuwa na benchi refu, na vijana wenye bahasha za kaki. Chebet alikuwepo, amening'iniza mkoba shingoni. Hatukuwa tumeambiana. Tukacheka kidogo. Nilikuwa bado sijaamua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisimuliwa hufikiri niliingia na mpango. Nilikuwa na sababu za kuchukua na sababu za kuacha, na nilikuwa ninazipanga upya kwa mara ya ngapi sijui, na nilijua vizuri kwamba nikiacha hakuna mashine itakayosimama hata kwa kupepesa jicho.

Mlango ukafunguliwa. Karani akachungulia. "Kemunto."

Miguu yangu ikaanza kusimama. Mimi nilikuwa bado kwenye sababu ya tatu, nazipima, na miguu ilikuwa tayari inanyooka, magoti yanaachana na benchi, mkono unaweka blauzi sawa, uso unatengeneza tabasamu la kuomba radhi kwa kuwachelewesha. Nikaiona. Kama Mwalimu alivyoiona mikono yake kwenye kochi.

Nikashika ubao wa benchi kwa mikono miwili, nikakaa.

"Kemunto yuko?"

"Ni wewe unaitwa," Chebet akanong'ona. "Simama basi. Aki Kemunto, unafanya nini?"

Sikuweza kusema na kukaa kwa wakati mmoja. Kukaa kulichukua nguvu zangu zote. Karani aliita tena, akasubiri kwa upole, akatazama benchi lote, akatia alama.

"Chebet."

Chebet alinitazama. Halafu akasimama, akashusha sketi yake, akaingia, na mlango ukafungwa. Alipata kazi ile. Anaifanya mpaka leo, na anaifanya vizuri.

Nilipotoka Mama alikuwa pale pale langoni. Nyuma yake, kwenye kilima, mashine zilikuwa zinapanda mistari ya chai, moja, mbili, bila haraka.

"Wamesemaje?"

"Sikusimama, Mama. Waliniita nikakaa."

Nilingoja anitukane, na ningemwelewa. Akafungua kitambaa chake cha kanisani, akakikung'uta, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikaenea kiganjani.

"Basi twende," akasema. "Kwa Mama Chepkorir wanatafuta watu wa kupalilia mahindi. Na hiyo blauzi uivue kwanza."